Lupango ya Zambia: jina la nani linaandikwa kwenye karatasi?

Kutoka Mulongo hadi Ndola njia ni ndefu, lakini watu wanaijua. Boti inapanda Lualaba hadi Bukama. Pale kuna reli ya SNCC na barabara ya kwenda Lubumbashi, kisha Kasumbalesa, na ng'ambo ya mpaka ni Chililabombwe, Chingola, Kitwe. Wako wanaoenda kufanya biashara, wako waliokimbia vita iliyoanza mwaka 1998 wakabakia kule, wako waliooa ao kuolewa kule. Na mtu akiisha kukusanya franga za miaka mingi, wazo moja linarudi: kununua lupango upande wa Zambia, ajenge, apangishe, ao watoto wapate fasi ya kulala wakati wa masomo.

Wazo hilo si baya. Ubaya unakuja kwa namna mambo yanavyofanywa. Mtu anatoa dola zake, anapewa karatasi yenye sahihi ya muuzaji na ya mashahidi wawili, pengine na muhuri juu. Ao anaandikisha lupango kwa jina la shemeji yake Mzambia, "juu mimi niko mugeni". Anarudi Mulongo akijua ana nyumba Kitwe. Mbele ya sheria ya Zambia, hana nyumba. Ana karatasi, ao ana shemeji.

Ili kuelewa sababu, ni vizuri kuanzia na sheria ya kwetu, maana zote mbili zinafanana kuliko watu wanavyofikiri. Katika Kongo, sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo ni mali ya Leta peke yake. Mtu hanunui udongo wenyewe. Anapewa haki ya kuutumia, ile inayoitwa konsesio. Konsesio ya milele ni ya Mkongomani, mtu binafsi. Mgeni, hata awe tajiri namna gani, anapata konsesio ya kawaida tu, yenye muda, kama ile ya miaka 25 inayoweza kuongezwa. Kwa hiyo Mzambia akija kutafuta lupango pale Kamina, hatapata haki sawa na ya mtoto wa Kamina. Na karatasi ya shefu ao ya kuuziana, hata ikiwa na mashahidi kumi, haimufanye mtu kuwa mwenye lupango. Kinachomfanya ni sertifika ya kuandikishwa, ile inayotolewa na konservatere wa hati za ardhi.

Sasa geuza kioo. Kule Zambia, wewe njo mgeni.

Sheria kubwa ya ardhi ya Zambia ni ya mwaka 1995. Inasema ardhi yote iko mikononi mwa Rais, anayeishika kwa niaba ya wananchi wote. Hata Mzambia mwenyewe hanunui udongo kabisa. Anapata haki ya kuushika kwa muda, na kwa kawaida muda wenyewe hauzidi miaka 99. Kwa mtu asiye Mzambia, sheria hiyo imefunga mlango, kisha ikaacha madirisha machache. Asiyepita katika dirisha mojawapo hawezi kuandikwa, hata kama alilipa mpaka senti ya mwisho.

Dirisha la kwanza ni ukaaji wa kudumu. Mtu aliyepewa kibali cha kukaa Zambia siku zote, kutoka ofisi yao ya uhamiaji, anaweza kupewa ardhi. Hapa wengi wanachanganya. Kibali cha kazi si ukaaji wa kudumu. Kibali cha masomo vilevile. Tena muhuri wa siku chache unaopigwa Kasumbalesa kwenye pasipoti haufiki hata karibu. Miaka ishirini ya kuuza sokoni Chisokone bila karatasi haigeuki kuwa ukaaji wa kudumu kwa sababu majirani wanakufahamu.

La pili ni la mwekezaji: yule aliyeandikishwa kwa sheria ya uwekezaji, kwa njia ya shirika la serikali linaloitwa Zambia Development Agency. Dirisha hili ni la mtu mwenye mradi na mtaji wa kweli, si la mama anayetafuta nyumba mbili za kupangisha. Iko pia ruhusa ya Rais mwenyewe, kwa maandishi na kwa sahihi yake. Anayeitafuta atahitaji avoka na uvumilivu.

Kampuni ni njia nyingine, na ndiyo inayosemwa sana na wapatanishi wa barabarani. "Tunakufungulia kampuni, inanunua, mambo yanaisha." Hayaishi hivyo. Ili kampuni ishike ardhi sawa na Mzambia, hisa za wageni ndani yake lazima ziwe chini ya asilimia 25. Maana yake, zaidi ya robo tatu za hiyo kampuni ni za Wazambia. Lupango itakuwa ya kampuni, na wewe utakuwa na kipande kidogo cha hiyo kampuni. Wenzako wakikaa mkutano na kuamua kuuzisha, kura yako haitoshi kuwazuia. Ushirika uko na masharti ya namna ile ile: wanachama wageni wawe chini ya robo. Makanisa na mashirika ya misaada yana njia yao ya pekee, yanaandikishwa kwa sheria nyingine na kukubaliwa na waziri. Mchungaji wa Kikongomani anayenunua fasi ya kanisa kwa jina lake mwenyewe yuko nje ya njia hiyo.

Kuna madirisha mawili yanayomfaa mtu wa kawaida, na ni ajabu kwamba hayasemwi sana.

Moja ni kukodi. Sheria inamruhusu mgeni kupanga nyumba ao ardhi kwa mkataba usiozidi miaka 5. Hakuna haja ya ukaaji wa kudumu wala sahihi ya Rais. Kwa mfanyabiashara anayetaka depo Kitwe ao vyumba vya watoto Ndola, miaka 5 iliyoandikwa vizuri ni bora kuliko miaka 99 ya uongo. Lakini mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja unapaswa kupelekwa kwenye rejista ya ardhi. Sheria ya Zambia juu ya kuandikisha hati ni kali: karatasi iliyopaswa kuandikishwa na haikuandikishwa kwa wakati wake, haina nguvu. Ni kama haikuandikwa.

Lingine ni urithi. Mgeni anaweza kurithi ardhi Zambia mwenyewe akifa. Mtoto aliyeko Mulongo, ambaye baba yake alikuwa na hati halali Ndola, hapotezi haki kwa sababu ya pasipoti yake. Tatizo ni kwamba haki hii inategemea jina la marehemu kuwa kwenye hati. Kama hati ilikuwa kwa jina la shemeji, watoto hawana cha kurithi.

Hapo inafaa kukaa kidogo juu ya shemeji, maana njo njia inayotumiwa na wengi. Watu wa kwetu wanaamini undugu. Na undugu upo: Wabemba wenyewe wanasimulia kwamba babu zao walitoka upande wa Waluba. Lakini rejista ya Lusaka haiulizi habari za mababu. Inaangalia jina lililoandikwa, namba ya lupango na sahihi. Jina likiwa la shemeji, yeye njo mwenyewe mbele ya benki, mbele ya komune yao, mbele ya mnunuzi mwingine. Anaweza kuiweka rehani akope pesa. Akikosa kulipa, benki itachukua nyumba, na benki haikujui.

Hata shemeji akiwa mtu mwema kabisa, iko siku atakufa. Mzambia akifa bila wosia, sheria ya mwaka 1989 ya urithi inagawa mali yake hivi: watoto asilimia 50, mke ao mume asilimia 20, wazazi asilimia 20, na wale aliokuwa anawalisha asilimia 10. Rafiki wa Mulongo aliyetoa pesa hayumo katika hesabu hiyo. Mjane hana ubaya akisema, "Mimi hii deni siijui," kwa sababu ni kweli haijui.

Na kwenda tribinali je? Mtu anaweza kwenda. Ila avoka wa upande wa pili atauliza swali moja: wewe uliye mgeni, uliruhusiwa na kifungu gani kushika ardhi hii? Mtu aliyemtumia shemeji ili kuikwepa sheria anaenda kuiomba sheria hiyo hiyo imsaidie. Pengine atapata kurudishiwa sehemu ya pesa kama anaweza kuonyesha namna zilivyotoka. Kwa aliyelipa mkononi, ndani ya nyumba, bila risiti, hata hiyo ni ngumu.

Tuseme sasa mtu anayo ruhusa, kwa mfano ana ukaaji wa kudumu. Kununua kwenyewe kunaendaje?

Kazi ya kwanza inafanywa kabla ya kutoa hata dola moja: kuchungulia rejista. Zambia ina rejista ya ardhi Lusaka, na kwa upande wa Copperbelt iko ofisi Ndola. Avoka akiwa na namba ya lupango, anaomba kuona nini kimeandikwa. Atajua mwenye jina ni nani, hati ni ya miaka mingapi na imebakia mingapi, kama kuna deni la benki, na kama kuna kaveti. Kaveti ni tangazo linalowekwa na mtu anayedai haki juu ya lupango, ili isiuzwe kimyakimya. Ni gharama ndogo, na inaokoa mali ya maisha. Kama muuzaji anakasirika kwa sababu umeomba namba ya lupango, jibu umeisha kulipata.

Katika makwartie ya watu wengi, yale Wazambia wanaita komponi, muuzaji anaweza kukuonyesha likensi ya kukaa ya miaka 30 inayosimamiwa na komune, ao barua tu inayosema amepewa fasi. Likensi ni karatasi ya kweli, lakini si sertifika. Barua ya kupewa fasi ni ahadi, na ahadi huwa na masharti: kulipa, kupima, kujenga. Nje ya miji kuna ardhi ya mila, chini ya mashefu. Shefu wa kule anaweza kukupokea vizuri, akupe kuku na fasi ya kulima. Makaribisho hayo hayakupi hati. Ardhi ya mila haigeuki kuwa ya hati bila kupitia shefu, komune na wizara ya ardhi, na kwa mgeni masharti yale yale ya mwaka 1995 yanarudi. Hivyo hivyo kwa Wakongomani waliopewa fasi ya kulima Mantapala, wilaya ya Nchelenge: wanaitumia kama wakimbizi, haiuzishwi wala hainunuliwi.

Baada ya rejista kuonekana safi, mkataba wa kuuziana unaandikwa na maavoka, bora kila upande na wake. Avoka wa Zambia anapaswa kuwa na cheti cha mwaka huo cha kufanya kazi, na chama chao, Law Association of Zambia, kinaweza kuulizwa kama mtu ni avoka kweli. Pesa zinapita kwenye konti ya ofisi ya avoka ao benki kwa benki, hazipiti katika mfuko wa mpatanishi. Kisha inaombwa ruhusa ya Leta ya kuhamisha ardhi. Bila ruhusa hiyo hakuna kuuzishana. Sheria inasema ombi lisipojibiwa ndani ya siku 45, ruhusa inahesabiwa kuwa imetolewa. Muuzaji naye anakwenda kwenye ofisi ya kodi, ZRA, kulipa kodi ya kuhamisha mali. Kodi hiyo ni mzigo wa muuzaji. Wako wauzaji wanaomwambia mgeni ailipe, ao wanaomba bei ndogo iandikwe kwenye mkataba ili kodi ipungue. Anayekubali kuandika bei ya uongo ajue kwamba siku ya kudai pesa zake, tribinali itasoma bei ile iliyoandikwa.

Mwisho hati ya kuhamisha inapelekwa kwenye rejista, na sertifika mpya inatoka kwa jina la mnunuzi. Siku hiyo njo siku ya kununua. Siku nyingine zote kabla yake ni maandalizi.

Baada ya hapo kuna kodi ya ardhi ya kila mwaka na malipo ya komune. Asiyelipa, ao anayeacha fasi miaka na miaka bila kujenga wakati mkataba unamtaka ajenge, anaweza kunyang'anywa. Anapewa taarifa na miezi mitatu ya kujieleza, lakini taarifa inatumwa kwa anwani iliyo kwenye faili. Kama anwani ni ya nyumba aliyohama zamani, barua itafika huko na yeye yuko Mulongo akingoja mvua iishe.

Kuna swali jingine ambalo vijana wengi wanauliza: si bora kuwa Mzambia kabisa? Katiba ya Zambia iliyorekebishwa mwaka 2016 inamruhusu mtu aliyeoana na Mzambia kwa miaka 5 kuomba uraia, na inamruhusu Mzambia kuwa na uraia wa inchi mbili. Lakini Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kikongomani ni mmoja tu, haushikwi pamoja na mwingine. Mtu akichukua wa Zambia kwa hiari yake, anauacha wa Kongo. Na ukikumbuka kwamba konsesio ya milele ni ya Wakongomani peke yao, unaona hesabu: anaweza kupata lupango Kitwe kama mwananchi na kuwa mgeni mbele ya lupango ya babu yake Mulongo. Wengi wanafanya hatua hiyo bila mtu kuwaambia. Watoto waliozaliwa na mzazi mmoja Mzambia wako katika hali nyingine, kwa kuwa Zambia inawahesabu raia tangu kuzaliwa, na mali inaweza kuandikwa kwa majina yao, mradi wazazi wakumbuke kwamba mali ya mtoto ni ya mtoto.

Wasomaji wa Tanganyika na Kivu wanaotazama upande wa mashariki watakuta hadithi ya ndugu mmoja. Tanzania, kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1999, haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliokubaliwa na serikali. Kwa hiyo nyumba ya Kigoma iliyonunuliwa kwa jina la rafiki ina ugonjwa ule ule. Uganda inampa mgeni haki ya kukodi isiyozidi miaka 99, si ile ya umiliki wa moja kwa moja. Kenya vilevile: Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 65, inaweka miaka 99 kuwa mwisho, na hati yoyote inayosema mgeni amepewa zaidi inahesabiwa kuwa ni ya miaka 99 tu.

Inabakia shida ya umbali. Mtu wa Mulongo hawezi kushuka Ndola kila wiki kwa ajili ya sahihi. Hapa shemeji anaweza kuwa na kazi ya maana bila kuandikwa mwenye mali: anapewa prokurasio, yaani barua ya kumpa mamlaka ya kutenda kwa niaba yako. Inaandikwa mbele ya notere, inatafsiriwa kwa Kiingereza na mtafsiri aliyeapishwa, na kabla ya kuituma inafaa kuuliza ubalozi mdogo wa Zambia ulioko Lubumbashi ni mihuri gani inatakiwa ili ikubaliwe kule. Ndani yake inaandikwa wazi kazi anayopewa: kuchungulia rejista, kupeleka hati, kupokea sertifika. Kama hutaki auzishe wala akope juu ya lupango, hilo nalo liandikwe. Prokurasio ya kawaida inakufa siku mmoja wenu anapokufa, ndiyo sababu inafaa mtu wa tatu katika familia ajue avoka ni nani, namba ya lupango ni ipi, na kopi za karatasi ziko katika sanduku gani.